Safari ya Thika na Faili la Mtoto Mmoja

Wasomaji wengi waijua Thika kwa mananasi yake, kwa viwanda vyake, na kwa maporomoko ya mto Chania ambayo wageni huyatazama wakinywa chai. Mimi pia nilikuwa naijua hivyo hivyo, kama aijuavyo mpita njia. Lakini katika mji huo mna mahali pengine ambapo msafiri hapaoni asipokuwa na haja napo, nami nilipelekwa huko na haja ya nyumbani kwetu. Napenda kueleza safari hiyo, si kwa kuwa ni ya mbali, maana toka Nairobi hadi Thika ni kilomita 40 na kitu tu, bali kwa kuwa nilikwenda nikidhani naijua kazi ya karatasi, nikarudi nimefunzwa kazi hiyo upya na mwalimu wa watoto wadogo.

Mimi ni karani wa serikali. Kwa muda wa miaka 11 kazi yangu imekuwa kupokea barua, kuzitia katika mafaili, na kuyatoa mafaili hayo siku yanapotakiwa. Dada yangu akaa upande wa Kangundo, katika Kaunti ya Machakos, nako ndiko kwetu. Mwanawe wa pili ni mvulana, na ndiye mwenye habari hii.

Tangu utoto wake kijana huyu alikuwa na jambo moja lililotushangaza. Jua likitua hakutaka kutoka nje. Akitumwa kuwafungia kuku alijikwaa, akarudi akilia, na wenzake wakamwita mwoga. Mchana aliweza kukuambia kwamba mwewe ametua juu ya mti ule wa mbali, na papo hapo akamkwaa mbuzi aliyelala miguuni pake. Alipotiwa shuleni, mambo yalizidi kuwa mabaya. Darasa lao lilikuwa na watoto wengi na madirisha madogo. Akisoma alipoteza mstari, akarudia ule alioumaliza, au akaruka mitatu. Ripoti yake ilipoletwa, kila somo lilikuwa na maneno yale yale: chini ya matarajio. Ripoti ya pili ilisema hivyo, na ya tatu hivyo.

Aibu yangu ni hii, nami siifichi. Nilizisoma ripoti zile kama nisomavyo barua za ofisini, nikaziamini kwa sababu zilikuwa na mhuri. Nikamwita kijana mbele ya wazee, nikamwambia kwamba ukoo wetu haujapata kuwa na mvivu, na kwamba asidhani yeye ataanzisha desturi hiyo. Hakujibu neno. Alinitazama kwa kichwa kilichoinama upande, nami nikaona kuwa ni utovu wa adabu. Sikujua ya kuwa alikuwa akinitafuta uso.

Mwezi wa Agosti mwaka 2022 nilikwenda likizo. Jioni moja tulikuwa tukitoka dukani, mimi na yeye, na giza likatukuta njiani. Nikasikia mkono wake umelishika koti langu, ukalishika kwa nguvu kama ashikavyo mtu avukaye mto. Nikamwuliza, “Waogopa nini?” Akanijibu, “Siogopi, Mjomba. Nyinyi mwaona njia usiku?” Nikamwambia kwamba kuna mwezi, na kila mtu aiona. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Mimi nilidhani watu wote huenda kwa kukumbuka.”

Ndugu wasomaji, neno hilo lilininyima usingizi usiku ule.

Tulimpeleka kwa daktari wa macho. Daktari alieleza kwa upole kwamba ugonjwa uko katika utando wa nyuma ya jicho, unaopokea nuru. Kwanza mgonjwa hupoteza kuona gizani, kisha uwanja wa macho yake hupungua pande zote, hata akawa kama mtu achunguliaye katika tundu la ufunguo. Ndiyo sababu alimwona mwewe wa mbali asimwone mbuzi wa karibu. Miwani haiuponyi ugonjwa huo, na nuru iliyobaki huenda ikapungua mwaka hata mwaka. Daktari akatushauri tumpeleke Kasarani akapimwe kwa ajili ya masomo.

Basi mwezi wa Novemba mwaka ule dada yangu alipanda basi pamoja na mtoto, wakapita Tala na Joska na Kamulu, wakaingia Nairobi asubuhi. Niliwapokea, tukashika njia ya Thika mpaka Kasarani, ilipo Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya. Yafaa nieleze kidogo asili ya mahali hapo, kwani wazazi wengi hupita karibu nacho chuo hicho wasijue faida yake. Mwaka 1964 kamati iliyoongozwa na Bwana Ronald Ngala ilichunguza malezi na mafunzo ya watu wenye ulemavu, na mwaka 1968 serikali ikatoa waraka wa sera juu ya jambo hilo. Mwaka 1984, kwa msaada wa nchi ya Denmark, ilianzishwa huduma ya kuwapima watoto na kuwashauri wazazi wao, ili mtoto asitupwe tu shuleni bila kujulikana ahitaji nini. Taasisi yenyewe ikaanzishwa mwaka 1986, kufundisha walimu wa kazi hiyo. Tena Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuingia shuleni, na haki ya kutumia breli, lugha ya ishara na vyombo vimfaavyo.

Nilidhani atapewa mtihani wa hesabu na kusoma. Haikuwa hivyo. Mpimaji aliongea naye kama rafiki. Alimsogezea vitu kutoka kushoto na kulia, akapima ni wapi vinapotoweka. Alimpa kitabu mbele ya dirisha, kisha kitabu kile kile katika kivuli. Alimsomea hadithi ndefu, akamwomba aisimulie, na kijana akaisimulia yote, hata majina ya vijiji. Mwishoni akamgeukia dada yangu, akasema, “Mama, mtoto huyu hana uzito wa akili. Ametumia akili nyingi miaka mitatu kuficha jambo ambalo hakujua kuwa ni ugonjwa.” Akashauri aanze breli sasa, angali na nuru kidogo, kuliko kungoja mpaka ajifunze kusoma na kujifunza giza kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo palipotokea mgogoro kati yangu na dada yangu. Tulipotoka nje aliketi juu ya ukuta mdogo, akasema, “Kaka, ukimpeleka shule ya wasioona umekwisha kumtangaza kipofu. Bado anaona. Watu wa kwetu watasemaje?” Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia tu kwamba mimi nilikwisha kumtangaza mvivu mbele ya wazee, wala hakuna aliyenizuia. Alilia, kisha akakubali, lakini kwa moyo mzito.

Mwezi wa Januari mwaka 2023 tukafunga safari ya Thika, watatu sisi, na sanduku la bati lenye nguo, sabuni na shuka. Barabara ile, iliyokamilishwa mwaka 2012, ni pana sana, na gari hupita Roysambu, Githurai na Kahawa kwa muda mfupi, likiacha upande mmoja Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambako walimu wengi wa elimu maalumu wamesomea. Baada ya Ruiru huja Juja, na baada ya Juja mashamba hufunguka. Mimi nilitazama dirishani. Kijana hakutazama. Alitega sikio, na kila tulipovuka daraja alisema, “Mto,” maana sauti ya magurudumu hubadilika juu ya daraja. Nilijaribu kumshinda kwa macho, nikashindwa, kwa kuwa nilikuwa nikisoma mabango ya matangazo.

Shule ya Wasioona ya Thika ilitokana na kituo kilichoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, nayo ni ya zamani kuliko shule nyingi za namna hiyo katika Afrika ya Mashariki. Mgeni aingiapo hutazamia kuona huzuni. Mimi nilisikia kelele. Kengele ilikuwa imelia, na watoto walikuwa wakienda mbio njiani, wengine wameshikana mabega, wengine peke yao na fimbo nyeupe, wakipiga makelele ya jina ili wasigongane. Mmoja akasimama mbele yetu, akasema, “Shikamooni wageni, mna sanduku la bati,” kwani alikuwa amelisikia likigusa ukuta. Dada yangu alicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Bibi mwalimu aliyetupokea alituonyesha jinsi breli inavyofanya kazi. Asili yake ni Mfaransa Louis Braille, aliyezaliwa mwaka 1809, mwana wa fundi wa matandiko ya farasi, ambaye alipofuka utotoni kwa kuumia katika karakana ya babaye. Alitangaza maandishi yake mwaka 1829. Kila herufi hukaa katika nafasi ya nukta sita, safu mbili za nukta tatu tatu. Herufi kumi za kwanza, a mpaka j, hutumia nukta nne za juu tu. Herufi kumi zifuatazo ni zile zile, ila huongezewa nukta ya chini ya kushoto. Na herufi hizo kumi za kwanza, zikitanguliwa na alama ya tarakimu, huwa hesabu 1 mpaka 9 na sifuri. Hivyo mtoto aliyezishika kumi za mwanzo ameshika ufunguo wa karibu mambo yote. Kuna mashine ya Perkins yenye vitufe sita, na kuna kibao chenye vijidirisha na msumari mfupi wa kutobolea. Atumiaye kibao huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi kinyume, kisha huigeuza karatasi na kusoma nukta zilizotokeza upande wa pili. Nilijaribu kuandika jina langu, nikakosa mara tatu.

Kisha akatoa faili. Hapo nikakaa vizuri, kwani nilijiona nimefika nchi yangu. Lakini faili lile halikuwa kama yetu. Faili la ofisini huhifadhi yaliyopita. Hili lilikuwa limeandikwa mambo yajayo. Ukurasa wa kwanza ulisema ayawezayo mtoto leo, wala haukuanza na asiyoyaweza. Ukurasa wa pili ulisema atakayoweza mwisho wa muhula, kwa maneno yanayoweza kuhesabiwa. Haukusema, “Ataendelea vema katika kusoma.” Ulisema atazitambua kwa vidole herufi kumi za kwanza, na kwamba atakwenda toka bwenini hadi darasani kwa fimbo bila kushikwa. Mbele ya kila jambo paliandikwa njia itakayotumika, nani atalisimamia, na tarehe ya kulitazama tena. Chini paliachwa mahali pa sahihi ya mzazi.

Nikamwuliza mwalimu, “Na nafasi yake darasani itaandikwa wapi?” Akajibu, “Bwana, huyu hapimwi kwa mwenzake. Apimwa kwa yeye mwenyewe wa jana.”

Mwezi wa Aprili tulirudi kumchukua kwa likizo. Mwalimu alitufungulia faili, na dada yangu akafurahi, maana hesabu zilikuwa zikipanda juma hata juma. Kila siku kijana alipewa dakika moja ya kusoma herufi zilizochanganywa, na juma la sita alikwisha kusoma 18 bila kosa. Lakini katikati ya juma la saba paliandikwa 5. Juma la nane 17, kisha tena 4. Nilidhani ni uvivu. Ugonjwa wangu wa zamani ulikuwa haujapona.

Mwalimu alituonyesha safu nyembamba pembeni mwa ukurasa. Pamoja na kila hesabu alikuwa ameandika saa, na mahali mtoto alipoketi. Hesabu zote kubwa zilikuwa za asubuhi karibu na dirisha. Hesabu ndogo zilikuwa za alasiri za mvua. Nukta za breli hazina wino. Ni nyeupe juu ya karatasi nyeupe. Lakini mwanga ukija kwa ubavu, kila nukta hutupa kivuli kidogo. Kijana alikuwa akisoma vivuli kwa macho yake yaliyobaki, huku vidole vikitembea juu ya karatasi kwa heshima tu. Hakukusudia kudanganya. Alikuwa akifanya alilofanya siku zote, kufuata nuru mpaka mahali itakapokoma.

Tangu siku hiyo, mwalimu alimfundisha na karatasi ikiwa chini ya kitambaa. Hesabu iliyofuata ilikuwa 4, asubuhi na alasiri sawasawa.

Dada yangu alishika shavu, akauliza, “Basi amerudi nyuma?”

“La, Mama,” akasema mwalimu. “Sasa ndiyo tumejua alipo.”

Nimelifikiri neno hilo mara nyingi nikiwa ofisini. Kama mwalimu angaliandika hesabu pasipo saa, angaliona mtoto aendaye mbele, akafurahi, akampa vitabu vigumu zaidi. Miaka miwili au mitatu baadaye nuru ingalimalizika, na kijana angalijikuta hajui kusoma hata kidogo, na watu wangalisema tena kwamba ni mvivu. Safu moja nyembamba, isiyozidi upana wa kidole, ndiyo iliyomwokoa. Tokea hapo hesabu zilipanda polepole: 4, 6, 6, 9. Zilikuwa ndogo, lakini zilikuwa zake.

Kabla hatujaondoka, mwalimu alimpa dada yangu daftari la likizo. Alimwambia achague kazi tatu za nyumbani, na kila jioni aandike kama mtoto aliifanya peke yake, kwa kuambiwa, au kwa kushikwa mkono. Asiandike kwamba amefanya vizuri au vibaya. Aandike tu lipi kati ya hayo matatu. Dada yangu hakupita darasa la saba, na aliona haya mwandiko wake. Mwalimu akamwambia kwamba daftari hilo halitasahihishwa na mtu.

Dada yangu alichagua kuteka maji pipani, kufunga kamba za viatu, na kuwafungia kuku jioni. Hiyo ya tatu alijuta kuichagua, kwa kuwa ndiyo iliyomtoa mtoto machozi tangu zamani. Katika likizo ya Aprili, mbele ya kuku, mistari yote ilisema kwa kushikwa mkono. Likizo ya Agosti ilikuwa na mchanganyiko, na siku moja ilikuwa tupu, kwani mama aligombana na mwanawe wakalala bila kusemezana. Hata siku hiyo aliiandika: “Leo hatukufanya.” Nami, niliyezoea kuona maofisa wakijaza fomu za majuma mawili kwa siku moja, niliuheshimu mstari ule kuliko mistari yote.

Mwezi wa Desemba nilikuwako mwenyewe. Giza lilikuwa limeingia. Kijana aliichukua fimbo yake nyuma ya mlango, akatoka. Tulisikia ncha ya fimbo ikigusa jiwe la kwanza, kisha ukingo wa jiko, kisha kimya. Nilitaka kuinuka, dada yangu akanishika mkono. Tukasikia kuku wakilalamika, mlango wa banda ukifungwa, na kitasa kikilia. Alirudi bila haraka, akaketi, akaomba chai. Hakuna aliyempongeza, maana dada yangu alikuwa amesema kwamba kumpongeza mtu kwa kuwafungia kuku ni kumwambia hukutazamia aweze. Lakini wakati alipokuwa akinywa chai niliona dada yangu amelivuta daftari karibu na taa, akaandika maneno mawili: “Peke yake.”

Ninapoandika haya kijana ana miaka 12. Nuru ya macho yake imepungua, kama daktari alivyosema, nami sitamficha msomaji kwamba ziko siku ambazo huamka amenuna na hataki neno. Walakini husoma hadithi kwa vidole kitandani, taa ikiwa imezimwa, na nduguze humwonea wivu, kwani wao huamriwa kufunga vitabu. Mwaka jana nilimwita mbele ya wazee wale wale, nikaomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mjomba, nilikwisha sahau,” jambo ambalo najua si kweli, ila ni adabu.

Basi, wazazi na walezi, nina shauri moja tu. Mtoto wako akiletewa ripoti isemayo kwamba yuko chini, usiishike kama hukumu. Uliza yuko chini kwa nini, saa ngapi, na ameketi wapi. Mpeleke akapimwe katika kituo cha kupimia watoto kilicho karibu nawe, wala usingoje mpaka majirani wakushauri. Kisha ununue daftari dogo, uandike kila siku jambo moja alilolifanya na namna alivyolifanya, kwa ukweli, hata siku ya aibu. Wazee walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Mimi naongeza neno la karani: asiyeandika haba hiyo hawezi kujua kibaba kimejaa kiasi gani, wala kama kinavuja.

Nami tangu safari ile, katika mafaili yangu mwenyewe, nimeanza kuandika saa.